Jua Nalo Hula Mbao

Ndugu mkulima, tazama ukuta wa banda lako la mbao, upande upigwao sana na jua. Mbao zilizokuwa na rangi ya manjano zimegeuka kijivu, na ukizikwaruza kwa ukucha hutoka nyuzi laini. Wengi husema ni mvua. Lakini anayeanza kazi hiyo ni jua. Katika mwanga wake mna miale isiyoonekana kwa macho, nayo huvunja lignini, yaani gundi ya asili inayoshika nyuzi za mti. Ndipo mvua huziosha nyuzi hizo, nyufa hutokea, maji huingia na misumari hulegea. Katika nchi ya juu miale hiyo ni mikali kuliko pwani.

Wako wanunuao vanishi isiyo na rangi. Kwa ukuta wa nje, hiyo ni fedha ya kutupa. Mwanga hupita ndani yake kama katika kioo, ubao huharibika chini yake, na vanishi hubanduka.

Kifaacho ni unga wa madini usiopitisha mwanga. Huko Uswidi, tangu karne ya 16, watu wametumia rangi nyekundu iliyotokana na mgodi wa shaba wa Falun. Wekundu wake ni wa oksaidi ya chuma, jamii moja na oksaidi nyekundu inayouzwa madukani kwa kutia rangi sakafu ya saruji.

Chukua sufuria kuukuu isiyopikiwa tena chakula, uchemshe lita 10 za maji, yaani kama nusu debe. Waswidi hutia pia sulfeti ya chuma ili kuzuia ukungu. Ukiipata, nusu kilo yatosha. Vuruga robo tatu ya kilo ya unga wa ngano kwa maji baridi, uumimine, ukoroge mpaka uive kama uji mwepesi. Kisha tia kilo 2 za oksaidi kidogo kidogo, uchemshe robo saa tena. Ikipoa, paka mbao kavu, tena kwa wembamba, maana ikiwa nzito hubanduka.

Rangi hii hushika mbao zilizotoka kwenye msumeno bila kupigwa randa. Penye rangi ya mafuta haishiki. Tena huacha vumbi jekundu nguoni, basi usiipake mahali watoto wanapoegemea. Chokaa nayo huzuia jua, ila mvua huiosha upesi.

Usidhani kwamba rangi hii ni dawa ya mchwa. Nguzo iliyofukiwa ardhini yataka dawa yake mbali. Na kama oksaidi ni haba, anza na ule ukuta uliokwisha kuwa kijivu: usugue kwa brashi ngumu nyuzi zilizolegea zitoke, ndipo upake.