Hamira ni ya Maandazi

Wiki hii simu zimetoka Igogo, Kisesa na ng'ambo ya Sengerema, swali likiwa lilelile: "Mhandisi, mtambo wangu wa bayogesi hautoi gesi, niweke hamira kiasi gani?"

Usiweke. Hata kijiko.

Najua mlikoitoa fikra hiyo. Ni ile video ya WhatsApp: chupa, sukari, hamira, maji ya uvuguvugu, puto mdomoni. Puto linavimba, watu wanashangilia. Sasa mbona hakuna anayewasha kiberiti? Kwa sababu iliyomo ni kaboni dioksidi, hewa ileile inayojazwa kwenye baadhi ya mitungi ya kuzimia moto. Hamira hula sukari ikatoa hewa hiyo na pombe. Gesi inayowaka jikoni ni methani, na hamira haina ujuzi nayo.

Methani hutoka kwa vijidudu vingine kabisa, jamaa wa wale walio tumboni mwa ng'ombe, wasiotaka oksijeni wala uchachu. Mtamboni kazi ni ya kupokezana: kundi moja huvunja chakula na kuacha asidi, jingine huila asidi hiyo na kutoa methani. La kwanza lina pupa, la pili halina haraka. Mtambo unapougua, mara nyingi asidi imelundikana. Kumwagia hamira na sukari ni kumwongezea mlevi gongo. Niliwahi kufungua mmoja Ilemela, unanuka kama togwa iliyosahaulika. Kipimo cha uchachu (pH) kilisoma 5. Vijidudu hawa wanataka 7 au karibu yake.

Tena wengi wenu mtambo hauumwi. Mmejaza Jumapili, mnawasha Jumatano! Gesi ya mwanzo haiwaki; itoeni nje, mbali na moto, kisha subirini wiki tatu, nne.

Na ninyi mnaotaka kuulisha mtambo magugu maji: tamaa yenu naielewa, kule Dunga, Kisumu, wapo wanaoyapikia. Lakini gugu bichi ni maji kwa zaidi ya asilimia 90. Katika kilo 100 mlizobeba kutoka ufukweni, chakula cha vijidudu hakifiki kilo 10. Zilizobaki mmehamisha ziwa. Yanyausheni, yakatekateni, myachanganye na samadi.

Haya, maswali mengine, upesi. Ng'ombe wawili wa kufugwa ndani: kilo 20 za samadi mbichi kwa siku, maji kiasi hichohicho, gesi lita 700 hivi. Kwa siku 20 umeokoa mtungi wa kilo 6, na gesi ya mtungi, hata ikiitwa nishati safi, ni mafuta ya ardhini yaliyoshuka bandarini na kupanda lori kilomita zaidi ya 1,000 hadi Mwanza. Huna ng'ombe? Nenda machinjioni. Matumbo ya samaki, kidogokidogo. Yakizidi, amonia itaua mtambo. Umechacha? Acha kuulisha wiki nzima, kisha ongeza samadi mbichi na chokaa kidogo. Gesi inanuka yai viza? Ipitishe kwenye nyuzi za chuma za kusugulia sufuria. Maji ya sabuni yasiingie kabisa. Tope linalotoka ni mbolea. Jirani akiliomba, msimpe bure.