Liyongo Apanda Mto Tana

Sisi watu wa mwambao tuna ila moja: tukisikia mtu wa bara katunga kwa Kiswahili, hutega sikio kumsaka kosa. Nakiri kuwa ila hiyo ninayo. Ndiyo niliyoingia nayo katika ukumbi wa shule moja huko Meru, nilikoalikwa kutazama vijana wakicheza tamthilia ya Kifo Kisimani.

Mtunzi wake ni Kithaka wa Mberia, mzaliwa wa Tharaka, nchi ya ukame iliyo baina ya Meru na Embu. Ni mtaalamu wa isimu aliyefundisha Chuo Kikuu cha Nairobi, na ni mshairi pia, bali wa mashairi huru yasiyofuata vina wala mizani. Jambo ambalo sisi tuliolelewa na tendi hatulimezi kwa urahisi. Kitabu kilitoka mwaka 2001, kisha kikasomeshwa katika shule za sekondari kote nchini.

Pazia likafunguka. Tuko Butangi, chini ya Mtemi Bokono, mtawala dhalimu. Kijana Mwelusi awatetea raia. Afungwa, ateswa, hanyamazi. Bokono aona nguvu hazitoshi. Amtafuta mtu wa damu ya Mwelusi mwenyewe, amtia tamaa ya kuozwa binti wa mtawala.

Hapo nikashtuka kitini. Kumbe huyu ni Fumo Liyongo wetu!

Nani kwetu asiyekijua kisa hicho, alichokitungia utendi Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913? Shujaa aliyeogopwa na mfalme wa Pate, asiyedhurika ila kwa sindano ya shaba kitovuni. Mwanawe aliahidiwa binti wa mfalme, akamchoma babake usingizini. Liyongo akajikongoja hadi kisimani, akapiga goti, akavuta upinde, akakata roho vivyo hivyo. Watu wakakaa na kiu, wakimwogopa maiti wakidhani yu hai.

Msaliti alipomkaribia Mwelusi, ukumbi mzima ulinyamaza. Watoto wengi mle hawajapata kuiona bahari, lakini walishika vichwa. Bibi mmoja nyuma yangu akanong'ona kwa Kimeru. Jirani akanifasiria: "Anasema, adui angempata wapi, kama si nyumbani kwake?"

Nasi husema kikulacho ki nguoni mwako. Ndiyo siri ya tanzia hii kutochakaa. Chuoni tulisomeshwa kisa cha Nabii Yusuf, aliyetiwa kisimani na nduguze. Lakini Yusuf alitolewa, akaishi, akawasamehe. Liyongo na Mwelusi hawana wa kuwaokoa. Wajua tokea mwanzo nani atakufa na kwa mkono wa nani, na bado waomba moyoni mkono ule usifike. Tena afia kisimani, mahali pa uhai. Watu wa Tharaka, wanaoyafuata maji mbali, hilo hawahitaji kufasiriwa.

Njiani kurudi, baada ya Embu, nilifikiri juu ya mto Tana. Mto huo upitao nchi ya Embu na Tharaka ndio umwagikao baharini Kipini, jirani ya Ozi, pande ambazo wenyeji huonyesha kaburi la Liyongo. Maji yateremka kutoka kwao kuja kwetu. Kisa kimepanda kutoka kwetu kwenda kwao. Nami niliyekwenda kusaka kosa nilirudi na deni.

Maana nilipofika nyumbani nilimwuliza mjukuu wangu: Liyongo ni nani? Akanitazama tu. Kosa si lake, sijawahi kumhadithia. Usiku ule, baada ya sala ya isha, nikamketisha barazani nikaanza. Tulipofika kisimani akanishika mkono.

"Babu, na yule mwanawe, aliozwa huyo binti?"

"Hakuozwa," nikamwambia.

Akanyamaza kitambo, kisha akaniomba nianze tena tangu mwanzo.