Timu Inapolemewa, Nani Hubaki Barazani?

Methali yetu yasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Sote twaijua, na wengi wetu tumewasomea watoto wetu. Lakini ni wangapi kati yetu waliopata kuipima juu ya nafsi zao wenyewe? Mimi niliipima bila ya kutaka, usiku wa Jumamosi tarehe 15 Machi, 2003, nikiwa nimeketi barazani huku kwetu Likoni, upande wa Timbwani. Niliipima, nikashindwa.

Kisa chenyewe ni cha mchezo wa kriketi. Huenda msomaji akacheka na kuuliza, mpira na methali vina uhusiano gani? Namwomba awe na subira kidogo.

Mwaka huo mashindano ya Kombe la Dunia yalichezwa Afrika ya Kusini, na mechi chache zikachezwa Zimbabwe na hapa Kenya. Timu yetu ilikwenda bila ya kutarajiwa na mtu. New Zealand walikataa kuja Nairobi kwa kuhofia usalama, baada ya hoteli ya Kikambala kushambuliwa mwezi wa Novemba, 2002, nasi tukapewa pointi za mechi hiyo. Walimwengu wakasema Kenya wanabebwa. Lakini siku tatu baadaye, tarehe 24 Februari, Sri Lanka wakaja Nairobi, wakafungwa kwa mikimbio 53, na kijana Collins Obuya peke yake akawatoa wapigaji watano. Kisha Bangladesh wakaanguka, na Zimbabwe nao wakaanguka. Kenya ikaingia nusu fainali, jambo ambalo hakuna timu isiyokuwa na daraja la Test iliyopata kulifanya.

Kwa asiyeujua mchezo huu, nitaeleza kwa ufupi. Timu moja hushika gongo na kutafuta mikimbio, na nyingine hurusha mpira na kujaribu kuwatoa wapigaji kumi. Kila mipira sita ni ova moja, na katika mechi ya siku moja kila timu hupewa ova 50. Iko na mechi ya Test, ambayo huchukua hadi siku tano, na wenyewe husema hiyo ndiyo kriketi hasa. Daraja hilo Kenya haijapata kupewa hadi leo.

BARAZA YA AMI

Barazani petu palikuwa na mzee mmoja ambaye sote tulimwita Ami, kwa kuwa alikuwa rika la baba zetu. Alipokuwa kijana, Ami alikuwa akivuka feri kila mwisho wa juma kwenda kisiwani, na kazi yake ilikuwa kutundika tarakimu kwenye ubao wa hesabu katika uwanja mmoja wa kriketi. Hakupata kushika gongo hata siku moja. Lakini mchezo wenyewe aliujua kama mtu aujuavyo uchochoro wa nyumbani kwao, na redio yake ndogo haikukosa mechi ya Test, iwe ni ya Pakistan, ya India au ya West Indies.

Siku hiyo Kenya ilikutana na Australia mjini Durban. Mwenye duka alitutolea televisheni nje, akaiweka juu ya kreti za soda. Mechi ilianza saa tisa na nusu za kwetu. Tuliporudi kutoka kuswali alasiri tukakuta msiba. Brett Lee, mrushaji wa Australia mwenye kasi ya ajabu, alikuwa amewatoa watu wetu watatu kwa mipira mitatu iliyofuatana. Hesabu ilikuwa mikimbio mitatu, watu watatu wametoka.

Hapo ndipo baraza ilipoanza kuwa tupu. Mmoja alikumbuka kuwa ana mgeni nyumbani. Mwingine akasema kichwa chamuuma. Mimi nilibaki, lakini ulimi wangu haukutulia. Kila mchezaji wetu nilimtia kasoro: huyu mvivu, yule mwoga, na yule mwingine sijui alichaguliwa na nani. Ami alikuwa kimya, akinywa kahawa yake. Nahodha Steve Tikolo na Ravi Shah walipoanza kuijenga hesabu upya, taratibu kama mafundi wanaorudishia ukuta ulioanguka, mimi niliendelea kulalamika kuwa wanakawia.

Kenya ilimaliza kwa mikimbio 174. Tukaenda kuswali magharibi, kisha isha, na tuliporudi Australia walikuwa wameshika gongo. Adam Gilchrist alikuwa akiupiga mpira kama mtu mwenye haraka ya kuwahi feri ya mwisho. Alipata mikimbio 67 kwa mipira 43. Sote tuliona kwamba mambo yamekwisha.

"Yamekwisha, Ami," nikasema.

"Hayajesha," akajibu. Kisha akanikumbusha mechi ya Test ya Kolkata. "Mwaka juzi, tarehe kama ya leo. Australia hawa hawa walikuwa wameshinda Test 16 mfululizo. Wakapata 445, India wakapata 171 tu, wakaambiwa warudi kupiga tena papo hapo, nao wako nyuma kwa 274. Watu wakauzima redio. Laxman na Dravid wakapiga siku nzima ya nne, asitoke hata mmoja. Laxman 281, Dravid 180. Siku ya tano, tarehe 15 Machi, Australia wakashindwa kwa mikimbio 171. Walioondoka siku ya tatu walihadithiwa tu."

Wenzangu waliobaki wakatikisa vichwa kwa kustaajabu. Mimi sijui niliingiwa na nini. Labda ni uchovu, labda ni aibu ya kuona timu yangu ikichezewa. Nikasimama, nikakung'uta kanzu, nikasema kwa sauti ili kila mtu asikie:

"Ami, hao ni India. Hawa wetu ni maiti. Wewe kaa nao ukeshe matanga, mimi nakwenda kulala."

Watu wawili watatu wakacheka. Ami hakucheka wala hakukasirika. Akanitazama tu, akasema, "Enda salama, mwanangu. Lakini ubao bado haujashushwa."

YALIYONIPITA

Asubuhi yake, baada ya swala ya alfajiri, muuza kahawa alinikamata mkono kabla hata sijaketi. "Wewe ulikuwa wapi? Umemwona Karim?"

Nikauliza, Karim gani?

Aasif Karim ni mzaliwa wa Mombasa hii. Ametoka katika nyumba ya wanamichezo, na yeye mwenyewe aliichezea Kenya kriketi na tenisi pia. Ndiye aliyekuwa nahodha wa kriketi katika Kombe la Dunia la 1999 kule Uingereza, kisha akastaafu. Mwaka 2003 alirudishwa kikosini akiwa na umri wa miaka 39, na wengi tulisema ametolewa makumbusho. Naye si mrushaji wa mbio na vishindo. Ni mtu wa mkono wa kushoto, mpira wake wa polepole, wenye kuzunguka.

Ami alinihadithia yote kwa vipande vya kashata, akavipanga juu ya baraza kuonyesha nani alisimama wapi. Karim alipewa mpira Australia wakiwa wanaelekea kwenye ushindi. Ricky Ponting, nahodha wao, akapigwa mguuni mbele ya vijiti, akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg naye akaurudisha mpira mikononi mwa Karim mwenyewe, akatoka. Australia wakajikuta wamepoteza watu watano kwa mikimbio 117. Timu ambayo haikufungwa na mtu hata mmoja katika mashindano yale, na ambayo siku nane baadaye ilitwaa kombe, ikawa inauzuia mpira wa mzee wa Mombasa kwa magongo yaliyojaa wasiwasi.

Hesabu ya Karim usiku ule imeandikwa na itabaki: ova nane na mipira miwili, sita kati ya ova hizo hazikutoa hata mkimbio mmoja, mikimbio saba kwa jumla, na wapigaji watatu. Naam, Australia walishinda, kwani Andrew Symonds na Ian Harvey walivumilia mpaka hesabu ikatimia. Lakini zawadi ya mchezaji bora wa mechi haikwenda kwa walioshinda. Ilikwenda kwa Karim.

Nilitaka kumwomba Ami radhi kwa maneno yangu ya usiku. Alinikatiza.

"Usiniombe radhi mimi. Hukunikosea kitu. Mimi niliona, wewe hukuona. Hasara ni yako."

Maneno hayo yaliniuma kuliko kama angenitukana. Kwa miaka mingi nilikuwa nikijiita mshabiki wa kriketi. Kumbe nilikuwa mshabiki wa kushinda tu, na hao ni watu wawili mbalimbali.

USIKU WA INDIA

Siku ya Alkhamisi, tarehe 20 Machi, Kenya ilikutana na India katika nusu fainali, Durban pale pale. Nilifika mapema, nikaketi karibu na Ami, nikanuia kutosema neno baya na kutoinuka.

Haikuwa kazi rahisi. Sachin Tendulkar alipata 83, na nahodha wao Sourav Ganguly akabaki uwanjani na 111. India wakafika 270 kwa kupoteza watu wanne. Zamu yetu ilipofika, watu wakaanza kutoka mmoja mmoja, na barazani pia watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Tikolo alipigana mpaka 56. Mwishowe tulisalia watu wanne, dele la kahawa limepoa, na mwenye duka akitusubiri aondoe televisheni yake.

Ndipo nilipojifunza jambo ambalo sikulijua. Timu inapoongoza, barazani huwa ni makelele, kila mtu ajisifu kana kwamba yeye ndiye aliyeshika gongo. Timu inapolemewa, wachache wanaobaki ndio huzungumza kwa kweli. Usiku ule Ami alinieleza habari za ujana wake ambazo sikupata kumsikia akizitaja.

"Pale ubaoni," alisema, "kulikuwa na siku timu ya nyumbani yashindwa vibaya. Saa kumi na moja jukwaa lote ni viti vitupu. Mimi siwezi kuondoka. Kwa sababu yule kijana anayepiga, wa mwisho kabisa, akipata mkimbio mmoja, hugeuka kutazama ubao. Asipoiona hesabu yake, atajua kuwa hayupo hata mtu mmoja anayemtazama. Basi mimi nilimtundikia."

Kenya ilitoka kwa 179, tukashindwa kwa mikimbio 91. Tulisaidiana kuibeba televisheni kuirudisha dukani. Nikamsindikiza Ami mpaka mlangoni kwake, na njiani hatukuzungumza sana. Nililala usingizi mzuri, ingawa tumefungwa.

WALIOONDOKA

Mpenzi msomaji, tangu usiku ule mengi yamepita. Kenya ilipewa ruhusa ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja mwaka 1996, mwaka ule ule tulioishinda West Indies kule Pune, ambapo walitolewa wote kwa mikimbio 93. Mwaka 2014 daraja hilo likatutoka. Kombe la Dunia la 2011 ndilo la mwisho tuliloliona. Watu hutaja mizozo ya viongozi na malipo ya wachezaji, na ni kweli ilikuwako, tena mikubwa.

Lakini nami sina budi kusema langu. Timu ilipoanza kushuka, sisi washabiki tulikuwa wapi? Mwaka 2003 kila mtu alikuwa mjuzi wa kriketi, na vijana wa Likoni na Kisauni walichonga magongo kwa mbao za masanduku, wakachezea mipira ya tenisi vichochoroni. Baada ya miaka michache magongo yale yakawa kuni. Mchezo haukuuliwa na washabiki, la hasha. Ila mgonjwa alipolala kitandani, wa kumjulia hali tulikuwa wachache mno.

Ami amekwisha tangulia mbele ya haki, Mola amrehemu. Baraza yake ingali pale pale, na sasa televisheni ni kubwa na picha yake haitetemeki. Siku nyingi huonyeshwa mpira wa miguu wa Ulaya. Nimekaa katika mabaraza ya namna hiyo Likoni, Kisauni, na hata Changamwe nilipokuwa nikifanya kazi, na kote nimeona jambo moja: bao la pili likiingia, viti huanza kusogea. Yuko mwenye mgeni nyumbani, na yuko anayeumwa na kichwa. Mara nyingine yuko na kijana anayesimama kuwatukana wachezaji kwa sauti ili watu wacheke, nami hujiona mwenyewe.

Huyo simkemei, kwani sikukemewa mimi. Humwagizia kahawa, nikamwambia akae kidogo, nikamhadithia habari za mtu wa Mombasa aliyekuwa na miaka 39, na ova nane na mipira miwili. Wengine huondoka. Juma lililopita mmoja alikaa. Timu yake ilifungwa mabao matatu, naye akabaki mpaka taa za uwanja zikazimwa, kisha akaniuliza kama nina hadithi nyingine.