Mpole Naye Moyo Humwenda Mbio

Fikiria wakulima wawili wa vitunguu wa Ruaha Mbuyuni. Wamekaa na magunia yao kando ya barabara kuu iendayo Iringa. Mnunuzi anakuja, anataja bei ya chini sana. Mkulima wa kwanza anapaza sauti na kurusha mikono. Wa pili ananyamaza, anatazama chini. Watu wanasema, "Yule mkali. Huyu mpole, hana neno."

Je, ni kweli hana neno? Ukimshika mkono, huenda ukakuta mapigo ya moyo wake yanakwenda mbio kama ya mwenzake.

Kwa nini? Juu ya kila figo pana tezi ndogo. Mtu akikasirika au akiogopa, ubongo huziamuru tezi hizo kumwaga kemikali iitwayo adrenalini katika damu. Mara moyo hudunda kwa nguvu. Pumzi huenda upesi. Mate hukauka na jasho hutoka. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia.

Wakali na wapole, wote wana tezi hizi. Lakini hatufanani. Mmoja hushtuka upesi na kutulia upesi. Mwingine hukaa na uchungu siku nzima. Mmoja huonyesha, mwingine huficha. Kuficha moto si kuuzima.

Kwa hiyo tusiupime mwili wa mtu kwa tabia yake. Wengi hudhani kwamba shinikizo la damu, yaani presha, ni ugonjwa wa wenye hasira. Si kweli. Mpole naye huweza kuupata. Mara nyingi presha haina dalili. Njia ya kuijua ni kwenda zahanati kupimwa.

Jaribu jambo hili. Weka vidole viwili penye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba. Hesabu mapigo kwa dakika moja. Mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo 60 hadi 100. Siku ukikasirika, hesabu tena. Kisha kaa chini, uvute pumzi polepole na kuitoa polepole. Mapigo yatapungua kidogo kidogo.

Na mwenzako akinyamaza baada ya habari mbaya, usiseme hana neno. Mwulize.

Maswali ya kujadiliana
1. Mwili wako hufanya nini unapokasirika?
2. Kwa nini mtu mpole naye apimwe presha?
3. Katika kijiji chenu, nani huulizwa hali baada ya msiba: anayelia au anayenyamaza?