Elfu Aliyeomba Jina Kubwa

Sogeeni, wapwa zangu, sogeeni mkekani. Jana mmoja wenu aliniuliza, "Mjomba, hili neno milioni limetoka wapi?" Nilifurahi mno. Swali kama hilo halijibiwi kwa haraka, hulipwa kwa hadithi.

Hapo kale, huko Roma, aliishi Elfu. Warumi walimwita mille. Kazi yake ilikuwa barabarani na askari. Kila mguu wa kushoto ukikanyaga, Elfu huhesabu: moja. Kushoto tena: mbili. Kushoto, kushoto, kushoto, hadi 1,000. Hapo hupaza sauti: "Nimetimia! Simikeni jiwe!" Mwendo ule ndio uliozaa neno maili. Naam, maili hii hii yetu ni mtoto wa Elfu wa Roma.

Miaka ikapita, mingi. Italia ikajaa wafanyabiashara na sarafu zao. Mali ikazidi hesabu. "Elfu mara elfu! Elfu mara elfu!" Elfu akachoka. Akasema, "Jamani, mnaniita mara mbili kwa pumzi moja! Nipeni jina kubwa."

"Wakampa jina gani, mjomba?"

Ngoja kwanza. Sisi tukitaka kukuza kitu, twafanyaje? Mtu mkubwa kupita kiasi ni jitu. Kisu kikubwa ni jisu. Sisi twakuzia mwanzoni mwa neno, Waitalia hukuzia mwishoni. Kwao kitabu ni libro, na kitabu kikubwa ni librone. Basi mille naye akavikwa mkia huo, akawa milione. Yaani jielfu!

Wafaransa wakalichukua neno, wakalikata irabu ya mwisho. Waingereza wakalipokea likiwa limekatwa hivyo hivyo, zaidi ya miaka 600 iliyopita. Lilipoingia kwetu, ulimi wa Kiswahili ukalirudishia irabu: milioni. Mimi hupenda sana kipande hiki. Neno limezunguka dunia, limefika kwetu, limevikwa tena nguo yake.

"Lakini mjomba, hilo jielfu ni kubwa kiasi gani?"

Umeuliza vyema, mwanangu! Tazama bakuli hili. Tulijaze maharage, punje 1,000. Sasa panga uani mabakuli kama hili, nayo yawe 1,000. Yatajaa uani, yatapita mlango, yatashika njia ya kisimani. Maharage yote hayo ndiyo milioni moja.

"Tuyahesabu!"

Tukihesabu punje moja kila sekunde, bila kula, bila kulala, bila hata kupiga chafya, tutamaliza baada ya siku 11 na nusu na ushee. Na bibi yenu anayataka maharage yake jioni hii, sufuria iko motoni. Basi tuhesabu bakuli moja tu. Wewe uliyeuliza, anza.

Moja...