Picha Isiyoguswa Haipo

Novemba 2015, shirika la habari la Reuters liliwaagiza wapigapicha wake wa kujitegemea wasitume tena picha zilizotengenezwa kutoka faili za RAW, yaani vipimo ghafi vya kamera. Zilizotakiwa ni zile ambazo kamera yenyewe imezihifadhi kama JPEG. Sababu zilikuwa mbili, kasi na maadili ya habari. Ya kasi haina ubishi: JPEG ni nyepesi, inafika upesi. Ya maadili ndiyo inayohitaji kupimwa, kwa sababu nyuma yake imejificha imani kwamba picha iliyotoka moja kwa moja kwenye kamera haijaguswa.

Imeguswa, tena sana. Kihisi, kile kipande cha silikoni kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, hakijui rangi. Kila pikseli hupima wingi wa mwanga tu. Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza mwaka 1976 kwa kuzifunika pikseli hizo vichujio, nusu kijani, robo nyekundu, robo bluu. Kijani kilizidishiwa kwa kuwa jicho la binadamu hutegemea zaidi rangi hiyo kutambua mwangaza. Basi kila pikseli hupima rangi moja, na mbili zilizobaki hukisiwa kutoka kwa majirani zake. Theluthi mbili ya rangi unazoziona ni makisio! Kamera inapotengeneza JPEG hukisia, hukoleza, hunoa, kisha hutupa vipimo. RAW huvitunza, mara nyingi kwa biti 14, yaani ngazi 16,384 za mwanga, ilhali JPEG ina 256 kwa kila rangi. Piga picha harusini saa saba mchana, kanzu nyeupe juani na sura nyeusi kivulini: mikunjo ya kanzu ikishapotea ndani ya JPEG, hakuna programu itakayoirudisha.

Atakayesema RAW hurahisisha udanganyifu hajakosea kabisa, maana aliye na vipimo vingi ana uwanja mpana wa kuvigeuza. Lakini JPEG nayo hugeuzwa, na faili ya RAW ikiwepo, mtu mwingine anaweza kulinganisha. Ndiyo maana shindano la World Press Photo huwadai wanaofika hatua za mwisho faili asili kama zilivyotoka kwenye kamera. Gharama ya kuhifadhi ni mzigo wa kweli kwa studio ndogo, nami siipuuzi. Hata hivyo kamera nyingi huandika faili zote mbili kwa mbofyo mmoja: JPEG ingetumwa chumba cha habari, RAW ikabaki kwenye kadi ikisubiri atakayeuliza.