Tuwajue Wanamuziki wa Kwetu Kabla Sauti Zao Hazijapotea

Wahenga walitukanya tusiache mbachao kwa msala upitao. Methali hii hujitokeza mara kwa mara katika insha za wanafunzi wetu, nasi walimu huituza kwa alama nzuri. Lakini panapohusika muziki, ni wachache miongoni mwetu wanaoitii. Mbacha wetu tumeukunja tukausukumiza uvunguni, na msala wa wapitao ndio tunaoukalia kutwa kucha. Sisemi haya kwa kuuchukia muziki wa kigeni, la hasha! Ninachosikitikia ni kwamba kijana wa Kenya aweza kuhitimu kidato cha nne, akaitwa msomi, ilhali hamjui hata mwanamuziki mmoja aliyezaliwa karibu na shule yake.

Mimi ni mzaliwa wa Magharibi mwa Kenya, eneo lililokuwa likiitwa Mkoa wa Magharibi na ambalo leo ni kaunti za Kakamega, Vihiga, Bungoma na Busia. Katika kazi yangu ya ualimu nimewahi kuwaomba wanafunzi wa kidato cha tatu waandike majina ya wanamuziki watano wanaowapenda na mahali walikotoka. Majina ya Lagos, Dar es Salaam, Johannesburg na Marekani yalimiminika bila taabu. Nilipowataka waandike majina matano ya wanamuziki wa kwao nyumbani, kalamu zilisimama. Mmoja aliuliza kama mwimbaji wa kwaya ya kanisani anahesabiwa. Nilimjibu kwamba anahesabiwa, tena sana. Hata hivyo, karatasi nyingi zilirudi mezani pangu zikiwa na majina mawili au matatu, na nyingine hazikuwa na lolote.

Hebu basi tuwatazame wachache ambao majina yao yangestahili kuwa kwenye karatasi zile.

Wa kwanza ni George Mukabi wa Kisa, katika Kaunti ya Kakamega ya leo. Huyu ndiye anayehusishwa zaidi na mtindo wa gita uitwao omutibo. Katika mtindo huu mpigaji hutumia vidole viwili tu: kidole gumba hushika nyuzi nene, na kidole cha shahada hucharaza nyuzi nyembamba. Anayesikiliza bila kuona hudhani kwamba magita ni mawili. Kando ya mpigaji huketi mwenzake akikwaruza chupa ya soda yenye mistari ubavuni, na mkwaruzo huo ndio unaoshika kasi ya wimbo. Mukabi alifariki mwaka 1963, mwaka ule ule nchi yetu ilipopata uhuru. Nyimbo zake, kama vile "Sengula", zilimzidi umri. Mwaka 2017, yaani zaidi ya miaka 50 baada ya kifo chake, rekodi zake zilikusanywa na kutolewa upya nchini Marekani chini ya jina "Furaha Wenye Gita".

Tukiteremka hadi Bunyore, katika Kaunti ya Vihiga, twawakuta Abana Ba Nasery. Hawa walikuwa watatu: Shem Tube na Justo Osala kwenye magita, na Enos Okola kwenye chupa. Wote waliimba, na sauti zao zilipishana na kukutana kwa utaratibu unaoweza kumfundisha mwanafunzi mengi kuhusu upatanifu wa sauti. Rekodi zao za awali zilikusanywa na kampuni ya GlobeStyle ya London mwaka 1989, na mwaka 1992 ikatoka albamu waliyoirekodi Uingereza wakishirikiana na wanamuziki wa huko. Wazungu walikaa chini kusikiliza chupa ya soda ya Bunyore, ilhali shule zilizo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwao hazina hata ukurasa mmoja kuwahusu.

Wa tatu ni Daudi Kabaka, aliyefariki mwaka 2001 na ambaye wengi walimwita Mfalme wa Twist. Wimbo wake "Helule Helule" ulichukuliwa na bendi ya Uingereza iitwayo The Tremeloes, na mwaka 1968 ukaingia miongoni mwa nyimbo 20 bora nchini humo. Je, ni wanafunzi wangapi wa Vihiga wanaofahamu kwamba utunzi wa mtu wa kwao ulipata kuchezewa dansi London zaidi ya nusu karne iliyopita?

Wapo watakaodai kwamba wito wa kila mtu kuwatafuta wanamuziki wa kwao ni wito wa ukabila uliovishwa joho la elimu. Hoja hiyo ina uzito katika nchi kama yetu, nami sitaki kuipuuza. Hata hivyo, ukweli wa mambo waonyesha kinyume. Anayefuata nyayo za wanamuziki wa kwao hafiki mbali kabla ya kukutana na watu wa mataifa mengine. Wapigaji gita wetu wa miaka ya 1950 na 1960 waliwasikiliza kwa makini Jean Bosco Mwenda na Edouard Masengo, mabingwa wa Katanga nchini Kongo, ambao waliwahi kupiga muziki wao hapa Nairobi. Katika Equator Sound Band, Kabaka alifanya kazi pamoja na Fadhili William, Mtaita, na Gabriel Omolo, Mjaluo, bila kuwasahau Nashil Pichen Kazembe na Peter Tsotsi Juma waliotoka Zambia. Mdundo wao wa twist nao ulikopa kutoka kwela ya Afrika Kusini. Hivyo basi, kijana atakayeanzia Kisa au Maragoli atajikuta amefika Lubumbashi, Lusaka na Johannesburg. Ukabila haustahimili safari ya namna hiyo.

Isitoshe, wengi wa wanamuziki hawa waliimba kwa Kiswahili. Kiswahili chao si cha Lamu wala cha Mvita. Upatanisho wa kisarufi huyumba huku na huku, na maneno ya Kiluhya hupenya bila kubisha hodi. Najua kwamba baadhi ya walimu wenzangu husikia nyimbo hizi na mara moja huinua kalamu nyekundu. Ningewasihi waiweke chini kwa muda. Hicho ndicho Kiswahili kilichozungumzwa na watu wa bara waliokwenda kutafuta kazi katika reli, katika mashamba makubwa na katika mitaa ya Nairobi. Kwa njia hiyo lugha hii ilipata wasemaji wengi mbali na pwani. Mwanafunzi anayetaka kuelewa jinsi Kiswahili kilivyoenea Kenya atapata ushahidi mwingi ndani ya santuri hizo.

Sasa nauliza: imekuwaje tukawasahau? Nadhani gita la mashambani lilikwama katikati. Ngoma za jadi zina watetezi. Mwaka 2014 shirika la UNESCO liliitia ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa dharura. Shuleni nako tuna Tamasha la Muziki la Kenya, lililoanza mwaka 1927, ambamo nyimbo za kiasili na kwaya hupata nafasi kubwa. Lakini gita na chupa ya soda havikuonekana kuwa jadi, kwa kuwa gita lilitoka ng'ambo. Havikuonekana kuwa usasa pia, kwa kuwa vilipigwa kijijini na katika vilabu vya pombe. Hivyo muziki huu haukupata mlezi, si kwa wenye kuhifadhi mila wala kwa wenye kushabikia mambo mapya.

Hasara yake si ya kufikirika. Katika soko la Luanda nilipata kumfahamu mzee mmoja, fundi wa viatu, aliyekuwa na sanduku la sahani za santuri alizozinunua ujanani mwake. Hakuwa tena na gramafoni ya kuzichezea, na baadhi zilikuwa zimepinda kwa joto la bati. Hata hivyo, alizijua zote kwa kuangalia rangi ya karatasi ya katikati, na kwa kila moja aliweza kusimulia nani alipiga gita, nani alikwaruza chupa, na ni arusi ya nani ambapo wimbo ulisikika kwa mara ya kwanza. Nilipopita sokoni mwaka uliofuata, niliambiwa kwamba ameaga dunia. Kuhusu sanduku, hakuna aliyejua lilikokwenda. Yamkini liliuzwa pamoja na vyuma vikuukuu. Hata kama sahani zitapatikana, maelezo yake yamezikwa pamoja naye.

Wakati mwingine sauti zetu huhifadhiwa, lakini mbali nasi. Mwaka 1950 Hugh Tracey aliwarekodi majirani zetu Wakipsigis, na miongoni mwa nyimbo alizozinasa ni ule mashuhuri uitwao "Chemirocha", ambao jina lake latokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani. Rekodi hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini katika maktaba ya muziki wa Kiafrika aliyoianzisha Tracey. Mwaka 2015 nakala zilirudishwa kijijini, na mzee aliyekuwa kijana wakati wa kurekodiwa alipatikana angali hai. Miaka 65 ilipita kabla ya wenyewe kusikia sauti zao. Twamshukuru Mungu kwa aliyehifadhi, lakini si kila kijiji kilipitiwa na Tracey.

Jambo hili lina upande wa haki pia. Wanamuziki wengi wa enzi zile waliuza nyimbo zao kwa malipo ya mara moja. Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001 hulinda utunzi wa muziki kwa maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa utunzi wa mtu aliyefariki mwaka 1963 ulimalizika mwaka 2013. Miaka hiyo 50 hupita upesi iwapo jamaa za marehemu hawana hata orodha ya nyimbo zake, na iwapo jirani zao hawajui kwamba aliwahi kuimba. Mgala muue na haki yake mpe, na haki ya kwanza ya mtunzi ni kutajwa kwa jina.

Je, tungoje serikali itoe amri? Historia yatufunza kwamba amri peke yake haitoshi. Mwaka 1980 redio ya Sauti ya Kenya iliagizwa ijaze vipindi vyake muziki wa Kenya, na baada ya muda mfupi agizo hilo likaachwa. Huwezi kumlazimisha mtu apende asichokijua. Kujua huanzia darasani, na hapo ndipo sisi walimu tunapopaswa kusimama. Wapo waliotutangulia katika kazi hii. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, imekuwa ikikusanya na kuchapisha historia ya muziki wetu, ikiwemo ya benga mwaka 2008. Lakini taasisi moja haiwezi kufika kila mlango, na shule zimetapakaa kila mahali.

Nyenzo tunazo. Fasihi simulizi imo katika silabasi yetu ya shule za upili, na wanafunzi hufundishwa mbinu za kukusanya data nyanjani: hojaji, mahojiano, kurekodi, kushiriki. Aghalabu mbinu hizo hukaririwa kwa ajili ya mtihani wa karatasi ya tatu, zikasahaulika siku ya pili. Kwa nini zisitumiwe kweli? Simu ya mkononi iliyo nyumbani yaweza kurekodi sauti ya babu kwa ubora ambao Tracey angeuonea wivu.

Ningependekeza mambo matatu. Kwanza, kila darasa lianze na kata yake, litafute waliopiga gita, litungu, fidla au akodioni, na waliowahi kuimba katika bendi. Wanawake wasisahauliwe, kwani majina yao mara nyingi hayakuandikwa juu ya santuri hata pale sauti zao zilipotumika. Pili, kila rekodi iandamane na maelezo: jina la mpigaji, mahali, tarehe, chombo, lugha, waliomsindikiza na aliyemfundisha. Rekodi isiyo na maelezo ni sawa na barua isiyo na anwani. Tatu, mzee aombwe idhini kabla ya kurekodiwa, aelezwe sauti yake itatumiwaje, na apewe nakala yake. Tusije tukawafanyia wazee wetu yale tunayoyalalamikia.

Walimu wenzangu, wanafunzi watakapofunga shule, wapeni swali moja la kwenda nalo nyumbani: ni nani aliyepiga muziki katika arusi ya nyanya na babu, na aliupiga kwa chombo gani? Majibu yatakayorudi yaandikwe vizuri, yatiwe tarehe, na yahifadhiwe katika maktaba ya shule, mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka 2060 atayakuta.